Cheni za baiskeli za injini: tusizilaumu kabla ya kutazama namba na sproketi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie hoja ya msomaji mwenzangu aliyelalamika hivi karibuni kwamba cheni za baiskeli za injini zinazouzwa madukani ni mbovu, kwamba hukatika kabla kiangazi hakijaisha, na kwamba dawa yake ni kuzipiga marufuku bandarini. Mimi ni fundi wa baiskeli na pikipiki hapa Tabora. Nakubaliana naye kwamba cheni duni zimo sokoni, wala sina sababu ya kuwatetea wanaoziingiza. Nisichokubaliana nacho ni kuitwisha cheni lawama yote. Cheni nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimekatika, zimeruka au zimejiviringa kwenye spoki ziliharibiwa na kitu kingine: ama hazikuwa saizi moja na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, zilizofungiwa, ama sproketi ya nyuma ilikuwa ikiyumba, ama meno yalikwisha zamani na mwenye chombo akaendelea kununua cheni tu. Marufuku ikipita, kasoro hizo zitabaki palepale, na hata cheni ya bei ghali itakatika vilevile.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuvitazama vyombo hivi kwa karibu, nieleze kwanza vilivyo. Injini yake ni ndogo, ya mipigo miwili, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Huuzwa katika boksi moja pamoja na tangi, kabureta, ekzosi, sproketi na cheni, na juu ya boksi mara nyingi huandikwa kwamba ni ya cc 80, ingawa silinda yenye kipenyo cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 haiwezi kuzidi cc 66. Hilo ni la wauzaji na dhamiri zao. Injini hukaa kati ya mabomba ya fremu, chini ya bomba la juu, na kupeleka nguvu nyuma kwa cheni iliyo upande wa kushoto, wakati cheni ya pedali imebaki kulia kama ilivyo katika baiskeli yoyote. Kwenye injini kuna sproketi ndogo, kwa kawaida ya meno 10, na kwenye gurudumu la nyuma kuna sproketi kubwa, mara nyingi ya meno 44, ambayo haikutengenezewa mahali pake pa kukaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu: hubanwa juu ya spoki kwa mipira miwili ya duara, vibati vitatu vya chuma na bolti tisa. Baiskeli moja basi ina cheni mbili za saizi mbili, zinazovuta gurudumu moja kutoka pande mbili, na fundi asiyelitia hilo akilini ataihangaikia siku nzima bila kufika popote.

Sasa nije kwenye saizi, maana hapo ndipo fedha nyingi za watu zinapopotelea. Cheni huitwa kwa namba, na namba hiyo mara nyingi imegongwa kwenye vibati vya pembeni vya cheni yenyewe. Tarakimu ya kwanza hueleza umbali kutoka pini moja, yaani kijiti kinachounganisha viungo, hadi nyingine kwa sehemu za nane za inchi. Kwa hiyo cheni zote zinazoanza na 4 zina umbali wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, na zinazoanza na 5 zina milimita 15.875. Tarakimu mbili za mwisho zinahusu upana wa ndani, pale jino la sproketi linapoingia. Cheni ya pedali ya baiskeli isiyo na gia, ambayo wengine huiita 410, ina upana wa milimita 3.18 tu. Cheni inayokuja na injini hizi ni 415, yenye upana wa milimita 4.76. Vipikipiki vingi vidogo vya cc 50 na 70 hutumia 420, yenye milimita 6.35, na pikipiki nyingi za bodaboda za cc 100 hadi 150 hutumia 428, ambayo upana wake ni milimita 7.94.

Msomaji makini ameshaona mtego ulipo. Cheni zote nne nilizozitaja zina nusu inchi kutoka pini hadi pini. Mteja huingia dukani na kipande cha cheni kilichokatika, kimejaa oili na mchanga, muuzaji hukilaza juu ya kaunta, akaweka pembeni yake kipande cha cheni mpya ya bodaboda, akaona viungo vinakwenda sambamba mmoja kwa mmoja, akasema, “Ni ileile, kaka, tena hii ni nene zaidi, hutarudi hapa mwaka huu.” Kuhusu urefu wa viungo hakudanganya. Lakini jino la sproketi ya 415 ni jembamba, halifiki milimita 5, na ndani ya cheni ya 428 linabaki likicheza na nafasi ya zaidi ya milimita 3. Cheni hiyo haishikwi ubavuni na kitu chochote, kwa hiyo hutembea kushoto na kulia kila gurudumu linapopita kwenye shimo. Zaidi ya hapo, rola za 428, vile vipande vya mviringo vinavyozunguka pini na kukaa kati ya meno, zina kipenyo cha milimita 8.51, wakati za 415 ni kama milimita 7.75. Rola nene haiwezi kukaa chini kabisa kati ya jino na jino katika sproketi iliyochongwa kwa ajili ya rola nyembamba. Hukaa juu kidogo, ikisukuma ncha za meno badala ya mashina yake. Sproketi ya meno 10 ikitendewa hivyo haichukui muda kuchongoka. Unene wa vibati aliosifiwa mteja haumsaidii chochote, kwa sababu hapo cheni haiharibiki kwa kukosa nguvu.

Kosa la upande wa pili, la kufunga cheni ya pedali kwenye sproketi za injini, halina hatari kubwa kwa kuwa halifanikiwi: jino halitaki kuingia kabisa, isipokuwa kwa yule anayesaga meno kwa mashine mpaka yaingie, na huyo hahitaji ushauri wangu.

Cheni ya 420 ndiyo yenye mjadala wa haki. Rola zake zina kipenyo cha milimita 7.77, ambacho ni sawa na cha 415 kwa matumizi yote, kwa hiyo hukaa vizuri kwenye meno; tofauti ni upana tu, kiasi cha milimita moja na nusu. Pale 415 inapokosekana, na hapa kwetu hukosekana mara nyingi, 420 iliyo bora inaweza kutumika bila madhara makubwa, mradi sproketi mbili ziwe kwenye mstari mmoja na cheni isiguse bomba la fremu wala tairi. Mimi huifunga nikiwa nimeshamweleza mwenye baiskeli kwamba itacheza kidogo. Lakini nikiulizwa ninayoipendelea, ni 415 ya aina nzito, yenye vibati vinene kuliko ile inayotoka kwenye boksi, kwa sababu huongeza uimara bila kuongeza mchezo wa ubavuni.

Neno moja kuhusu ile sproketi ya meno 10, ambayo wengi huiona ni kichuma kidogo kisicho na maana. Cheni haizunguki kwenye duara kamili. Hukunjwa kiungo kwa kiungo kwenye umbo lenye pande nyingi kama idadi ya meno. Kadiri meno yanavyopungua, ndivyo pande zinavyokuwa na kona kali. Kwa meno 10, kasi ya cheni hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 5 kila jino linapopita, hata kama injini inazunguka kwa mwendo mmoja. Kwa meno 14, badiliko hilo hushuka hadi kama asilimia 2.5. Ndiyo maana cheni ya baiskeli ya injini hutetemeka na kulia hata ikiwa mpya, na ndiyo maana kila kiungo chake hukunjwa kwa pembe kubwa kuliko cheni ya bodaboda. Pini na bushi zake, yaani vibomba vidogo ambamo pini huzunguka, zitalika mapema. Hilo halitokani na ubovu wa kiwanda, na mnunuzi anayetegemea cheni hii idumu kama ile ya pikipiki kubwa anaidai kisichowezekana.

Jambo linaloharibu cheni kuliko yote, kwa ninavyoona mimi, ni sproketi ya nyuma isiyofungwa sawasawa. Nimeshasema kwamba hubanwa kwenye spoki. Tundu lake la katikati linapaswa kuzunguka habu bila kuacha nafasi upande mmoja zaidi ya mwingine, lakini habu za baiskeli zetu kubwa za tairi la inchi 28 zina unene unaotofautiana, na mipira ikikandamizwa zaidi upande mmoja sproketi hulala. Fundi mwenye haraka hukaza bolti moja mpaka mwisho, kisha ya pili, kisha ya tatu, akijua kwamba zote zimekazwa na kazi imekwisha. Njia sahihi ni kuzikaza kwa kupishana, kidogo kidogo, kila mara akivuka upande wa pili wa duara, na katikati ya kazi kuligeuza gurudumu likiwa limefungwa kwenye fremu huku kipande cha waya kikiwa kimekazwa kwenye bomba, ncha yake ikikaribia meno bila kuyagusa. Sproketi inapozunguka, mwanga kati ya waya na meno utamwambia kila kitu: ukipanuka na kusinyaa kwa ubavu, sproketi inayumba, ukipanuka na kusinyaa kwa juu na chini, sproketi haiko katikati. Yumbo la ubavuni hurekebishwa kwa kukaza bolti za upande uliotoka nje. Kutokuwa katikati hakurekebishwi kwa bolti. Ni lazima kulegeza zote, kuisogeza sproketi, na kuanza upya. Kazi hiyo inachosha, na mteja anayesubiri kwenye benchi hukosa subira, lakini sproketi iliyo nje ya katikati kwa milimita chache tu hukaza cheni hadi kuwa kama waya wa gitaa katika nusu ya mzunguko na kuilegeza hadi ilegee kabisa katika nusu nyingine, na hakuna cheni duniani itakayovumilia hilo.

Kuna adapta za chuma zinazoshika habu yenyewe badala ya spoki, na mwenye uwezo wa kuzipata au wa kumlipa mtu wa mashine ya kukereza chuma amchongee moja, asisite. Spoki zilitengenezwa ili kubeba uzito wa mtu na mzigo. Kusokotwa na injini kupitia vipande vya mpira si kazi waliyoifikiria wachora baiskeli. Baiskeli nyingine zenye breki ya ndani ya habu, ile inayofanya kazi kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, zina mkono wa breki upande wa kushoto, palepale sproketi inapotakiwa kukaa. Zile za breki za fimbo hazina kikwazo hicho, na ndizo ningemshauri mtu achague kama bado hajanunua baiskeli.

Sproketi ikishakaa sawa, linakuja suala la cheni mbili kwenye gurudumu moja. Katika baiskeli ya kawaida, cheni ikilegea, mtu hulegeza nati za ekseli, akalivuta gurudumu nyuma, akakaza. Katika baiskeli ya injini, kulivuta gurudumu nyuma kunazikaza cheni zote mbili, na hazilegei kwa kiwango kimoja. Wengi huivizia cheni ya injini, wakalivuta gurudumu mpaka ikaze, kisha wakashangaa pedali zimekuwa nzito na habu ya kulia inalia. Au hulivuta upande wa kushoto peke yake, gurudumu likakaa mshazari kwenye fremu, na cheni zote mbili zikaanza kujisugua ubavu. Utaratibu ninaoufuata ni kuliweka gurudumu kwanza kwa ajili ya cheni ya pedali, kuhakikisha rimu iko katikati ya mabomba mawili ya nyuma, kukaza nati, na baada ya hapo tu ndipo nishughulike na cheni ya injini kwa kupunguza viungo. Viungo hupunguzwa viwili viwili, kwa kuwa chembamba na kipana hupishana. Kile kiungo cha nusu kinachouzwa kwa ajili ya kupata urefu wa katikati kina kona dhaifu, nami siwezi kukiweka kwenye cheni inayovutwa na injini.

Ulegevu unaobaki ndio unaochukuliwa na kikaza cheni, kile kigurudumu kidogo cha plastiki kilichoshikiliwa na kibati kinachobanwa kwenye bomba la chini la nyuma la fremu, upande wa kushoto. Kifaa hiki kimewaangusha watu wengi kuliko cheni zote mbovu za dunia, na naomba nieleze ni kwa nini. Injini inapovuta, upande wa juu wa cheni ndio unaokaza na upande wa chini hulegea, kwa hiyo kikaza cheni kilichopo chini hakipati taabu. Lakini injini hizi huwashwa kwa kukanyaga pedali mpaka baiskeli ipate mwendo, kisha klachi huachiwa ghafla, na gurudumu la nyuma ndilo linaloizungusha injini. Katika dakika hiyo mambo hugeuka: upande wa chini hukaza kwa nguvu, cheni hutaka kunyooka, na hukisukuma kikaza cheni chini na pembeni. Kibati chake kimeshikwa kwa bolti mbili tu juu ya bomba la duara lililopakwa rangi. Kikizunguka kidogo kuelekea ndani, kigurudumu huingia kwenye spoki, na hapo gurudumu la nyuma hufunga mara moja, baiskeli ikiwa katika mwendo na mtu amebeba madumu ya maji nyuma yake. Nimeletewa magurudumu yaliyong'oka spoki nyingi kwa mkupuo mmoja kwa sababu hiyo, na kila mara mwenye chombo husema cheni ndiyo “iliyomtupa”.

Tiba zipo. Ya kwanza ni kupanga urefu wa cheni vizuri kiasi kwamba kikaza cheni kiwe kinaigusa tu, kisitumiwe kuvuta cheni iliyo ndefu mno. Ya pili ni kukwangua rangi pale kibati kinapokaa, kuweka kipande cha mpira wa tairi chini yake, na kukifunga kipande cha bapa la chuma kutoka kwenye kibati hadi kwenye nati ya ekseli au bolti ya stendi ili kisiweze kuzunguka hata bolti zikilegea. Wanaotoboa bomba la fremu na kupitisha bolti wanalidhoofisha bomba hilo, nami siliungi mkono hilo, ingawa najua linafanyika na mara nyingine linadumu.

Bolti za injini nazo zitazamwe. Injini ya mipigo miwili hutetemesha fremu nzima, na ile ya mbele ikilegea, injini hujipinda kuelekea kushoto kila inapovuta. Fundi akipima mstari wa sproketi baiskeli ikiwa imesimama ataona uko sawa, kumbe barabarani haupo. Alama yake iko kwenye cheni: vibati vya upande mmoja tu, kwa ndani, vimesuguliwa vikang'aa, na vya upande wa pili bado vina rangi ya kiwandani. Mwenye baiskeli anaweza kuikagua alama hiyo mwenyewe kwa kitambaa na dakika mbili, bila fundi.

Sauti nazo husema, kwa anayezisikiliza. Mlio wa “tik” unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu unatoka kwenye sproketi ya nyuma, ama ina jino lililopinda ama haiko katikati. Mlio unaochelewa zaidi ya mzunguko wa gurudumu, na ambao ukiweka alama ya chaki kwenye kiungo kimoja unaona unarudi pamoja na chaki hiyo, unatoka kwenye kiungo kimoja kigumu. Cheni za kwenye boksi huwa nacho mara kwa mara kwa sababu pini imepigwa kupita kiasi, na kiungo hicho hulainishwa kwa kukitikisa ubavuni kwa mikono miwili na tone la oili, au hutolewa. Kuruka kwa cheni mlimani tu, na si kwenye tambarare, ni dalili ya meno yaliyokwisha. Kutoka kabisa kwa cheni kwenye mashimo ni ulegevu au yumbo.

Kuhusu kuchakaa, watu husema cheni “imerefuka”, na kweli huwa imerefuka, ingawa chuma cha vibati hakikuvutika. Zilizolika ni pini na bushi ndani ya kila kiungo, kila moja kwa unene usioonekana kwa macho, na jumla yake ndiyo inayoonekana kwenye rula. Kipimo chake hakihitaji kifaa cha duka. Viungo 24 vya cheni mpya ya nusu inchi, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, ni inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Cheni ikiwa imevutwa ikanyooka, kipimo kikifika milimita 308 ni wakati wa kutafuta nyingine. Kikifika 311, cheni hiyo inakula sproketi kila siku inayoendelea kufungwa. Ndiyo sababu naona ni hasara kubwa kununua cheni peke yake mara ya pili na ya tatu. Cheni mpya ina nusu inchi kamili, na meno yaliyochongoka kama mapezi ya papa yameshajizoesha umbali mrefu zaidi. Viungo vipya hupanda juu ya ncha zake badala ya kutua, na kwa muda mfupi cheni mpya huwa imelika kufuata sproketi ya zamani. Sproketi ndogo ya mbele ibadilishwe kila cheni inapobadilishwa, na ya nyuma ikaguliwe. Rekebisho hilo linawahusu bodaboda vilevile, ambao wengi wao wanalifahamu na kulikwepa.

Ulegevu unaofaa, ukiisukuma cheni kwa kidole katikati ya upande uliolegea, ni kama milimita 13 hadi 20, na upimwe mahali cheni inapokaza zaidi baada ya kuzungusha gurudumu, sio mahali ilipokutwa. Kuikaza kupita hapo kunaua beringi ya injini na koni za habu, na hizo zina gharama kuliko cheni.

Hapa Unyamwezi tuna kichanga, na kichanga kikichanganyika na oili huwa ni dawa ya kusagia chuma. Kuimwagia cheni oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya pikipiki, kama wafanyavyo wengi kwa kuwa ni ya bure, ni kuiongezea vumbi la chuma lililomo tayari ndani ya oili hiyo. Cheni isafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, kisha oili safi idondoshwe upande wa ndani wa cheni, kati ya kibati na rola, na inayobaki nje ifutwe kwa kitambaa mpaka ionekane kama haikupakwa. Na ile klipu ya loki ya cheni, yaani ya kiungo kinachounganisha ncha zake mbili, mdomo wake ulio wazi uelekee nyuma ya mwendo wa cheni. Ukielekea mbele, kijiti kimoja tu cha pori kinatosha kuing'oa.

Sasa nirudi kwenye suala la marufuku. Kubuniwa kwa cheni ya rola za bushi na Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880 kulileta kitu kinachopimika, na leo vipo viwango vya kimataifa vya cheni za baiskeli na vya cheni za pikipiki, ISO 9633 na ISO 10190. Hatuna uhaba wa vipimo. Tulichokosa ni vipimo hivyo kumfikia mnunuzi. Cheni nyingi nilizoziona kwenye maduka ya vipuri hutundikwa zikiwa zimetolewa kwenye boksi zake, bila namba, bila idadi ya viungo, na karatasi iliyobaki, kama ipo, imeandikwa kwa lugha ambayo muuzaji wala mnunuzi haisomi. Nyingine zimegongwa namba ya aina nzito wakati vibati vyake, ukivipima, ni vya aina nyepesi. Hilo la mwisho ni udanganyifu, na Tume ya Ushindani inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ya kulishughulikia, kama vile Shirika la Viwango Tanzania lilivyo na uwezo wa kupima sampuli.

Ninapendekeza basi kwamba badala ya kuomba cheni zizuiwe, msomaji mwenzangu na sisi wengine tudai mambo yaliyo karibu zaidi. Kila cheni iuzwe ikiwa na kikaratasi cha Kiswahili kinachotaja namba yake, idadi ya viungo na aina ya sproketi inayolingana nayo. Wanaoingiza injini hizi waweke ndani ya boksi sproketi ya pili ya meno 10, kwa kuwa bei yake ni ndogo na ndiyo inayokwisha kwanza, pamoja na kinga ya bati ya cheni ya kushoto, ambayo boksi nyingi nilizofungua hazina, wakati abiria wa nyuma, mara nyingi mtoto, hukaa mguu wake ukining'inia sentimita chache kutoka mahali cheni inapoingia kwenye meno. Kinga hiyo fundi yeyote wa bati anaweza kuitengeneza kwa debe kuukuu, na kwa baiskeli zinazopakia watoto mimi huikataa kazi kama mwenye chombo hataki ifungwe.

Wako,
Fundi wa baiskeli na pikipiki,
Tabora